Jino la Bwana Vifungo

Chumba cha ushonaji kina mlango mmoja, dirisha moja na vyerehani viwili. Cherehani cha mlangoni ni cha dada mtu. Yeye hupima watu, hukata vitambaa na kusikiliza malalamiko ya wateja. Cherehani cha dirishani ni cha mdogo wake wa kiume. Huyo malalamiko ya watu hayawezi. Anachopenda ni kazi ya mkono: kukata matundu ya vifungo, kuyazungushia uzi, na kushona vifungo vikakaa imara hata ukivivuta. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bwana Vifungo.

Mafundi cherehani wana sifa yao, na wewe msomaji unaijua. Wakikuambia nguo itakuwa tayari Ijumaa, hawasemi Ijumaa ipi. Dada mtu ni wa kundi hilo. Vifungo si wa hivyo. Akisema Ijumaa, basi Ijumaa asubuhi shati limeshakunjwa, lina vifungo saba mbele na kimoja cha akiba ndani. Kwa hiyo wateja waliuvumilia ukimya wake. Walimwachia dada kazi ya kuzungumza.

Miaka mitatu nyuma Vifungo aliugua. Haikuwa homa wala tumbo. Alianza kukosa usingizi. Kisha akakataa kula nyumbani, akisema kuna mtu anatia kitu kwenye chakula chake. Kisha akawa anasikia watu wakimsema, na chumbani hamna mtu. Dada yake alimpeleka hospitali ya magonjwa ya akili, akalazwa miezi miwili. Alitoka na kadi ya kliniki ya kila mwezi na dawa ya kumeza, kidonge kimoja kila jioni. Alikimeza bila kukosa. Sauti zikaondoka, naye akarudi kwenye cherehani chake. Hiyo ndiyo habari yote ya ugonjwa wake, na si habari ya ajabu. Watu wengi huugua hivyo, wakatibiwa, wakaendelea na kazi zao.

Kidonge hicho kilikuwa na kero moja. Kilimkausha mdomo. Vifungo alisema ulimi wake unanata kama umepakwa gundi. Dada alimwonea huruma. Alimnunulia kopo la pipi ngumu, akaliweka kando ya cherehani chake, na kila likiisha alilijaza. Pipi zilimsaidia kupata mate kidogo. Basi Vifungo akawa na pipi shavuni kuanzia asubuhi hadi jioni. Hata kitandani alilala nayo. Mswaki alipiga asubuhi tu, na asubuhi nyingine alisahau. Hakuna aliyemwuliza. Nyumbani walisema akili kwanza, meno baadaye. Kwa miaka mitatu hawakukosa kliniki ya akili hata mwezi mmoja. Kwa daktari wa meno hawakufika hata siku moja.

Dada alikuwa anampenda mdogo wake kweli. Ninalisema hili mapema, maana mbele kidogo utamkasirikia.

Tatizo lilianza kimyakimya. Mafundi wengi hukata uzi kwa meno. Mkasi uko mezani, lakini meno yako karibu zaidi. Vifungo alikuwa bingwa wa tabia hiyo. Wiki moja akaanza kutumia mkasi. Dada alimwona, akafurahi, akamsifu kwamba hatimaye ameacha tabia mbaya. Vifungo akavuta uzi mwingine.

Siku mbili baadaye alisukuma sahani ya nyama. Kesho yake alisukuma tena. Chai aliiacha mpaka ikapoa, kisha akaiacha kabisa. Usiku walisikia hatua zake chumbani, huku na huku. Mchana akawa mkali. Binti wa dada, mtoto wa miaka saba, aliingia chumba cha ushonaji akiimba wimbo wa shule. Mjomba wake alipiga meza kwa ngumi, akamwambia atoke. Mtoto alitoka analia. Hakuwahi kuona mjomba wake akipiga meza.

Hebu jiweke mahali pa dada. Mtu halali. Mtu hali. Mtu ana hasira. Miaka mitatu nyuma ugonjwa ulianza hivyohivyo. Dada hakuuliza swali hata moja. Moyo ulimwenda mbio, akakata kauli kwamba ugonjwa umerudi.

Mume wa dada ni mpaka rangi za nyumba. Ni mtu mpole, lakini mtoto alipolia naye aliingiwa na hofu. Alisema hakuna haja ya kungoja mambo yaharibike. Ataazima gari la rafiki yake, na Jumatatu asubuhi watampeleka Vifungo hospitali akalazwe. Dada alikubali. Vifungo aliambiwa habari hiyo Jumanne, kabla ya chakula cha jioni. Hakubisha. Aliuliza jambo moja tu, cherehani chake atapewa nani.

Dada aligeuza uso. Aliingia jikoni akalia.

Huko jikoni ndiko alikofanya kosa kubwa. Aliona Jumatatu iko mbali. Akafikiri kwamba kama kidonge kimoja kinamtuliza mtu, viwili vitamtuliza zaidi. Akasaga kidonge cha pili, akakikoroga kwenye uji wa Vifungo, akatia sukari nyingi kuficha ladha. Hakumwambia mumewe. Hakumwambia Vifungo. Jumatano akafanya tena.

Alhamisi mchana alikuja mteja mmoja, nesi wa kliniki ya meno. Wiki iliyopita alikuwa ameleta makoti mawili meupe ya kazini yatiwe matundu na vifungo, sasa amekuja kuyachukua. Alikunjua la kwanza, akaliona zuri. Alikunjua la pili. Lilikuwa na vifungo upande wa kulia na vifungo upande wa kushoto, na tundu hakuna hata moja.

“Hili sasa nitalifungaje?” aliuliza. “Kwa gundi?”

Siku nyingine Vifungo angecheka chinichini. Siku hiyo alikuwa ameinama, macho mazito, kiganja kimeshika shavu. Dada alimshika nesi mkono wakatoka nje. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mdogo wake hayuko sawa, mambo ya zamani, ya kuogopa kwamba chakula chake kimetiwa kitu, yameanza tena, na Jumatatu wanampeleka akalazwe.

Nesi hakuanza kumpa pole kama watu wengine. Aliuliza maswali. Haya mambo yameanza lini? Anakataa chakula chote, au anakataa vyakula fulani? Dada alifikiri. Nyama anakataa. Mkate mgumu anakataa. Chai ya moto anakataa. Uji uliopoa anakunywa.

“Anayeogopa kutiliwa kitu kwenye chakula, na uji angeuogopa,” nesi alisema. “Halafu shavu analolishika ni lilelile moja. Umemwuliza?”

“Nimwulize nini?”

“Kama kuna mahali panamuuma.”

Dada alitazama dirisha la chumba. Hakuwa amemwuliza.

Walirudi ndani. Nesi alivuta kiti akakaa mbele ya cherehani cha dirishani. Alimwambia Vifungo kwamba habari ya koti si neno, litarekebishwa. Lakini anaona shavu lake la kushoto limevimba. Je, ni jino? Vifungo alimtazama dada yake, kisha akamtazama nesi. Alizungusha kifungo vidoleni.

“Nikisema, hiyo Jumatatu yenu itakuwa leo,” alisema mwishowe.

“Sema tu, kaka yangu. Mimi kazi yangu ni meno.”

“Ni jino. La nyuma, huku. Leo siku ya kumi na moja. Linapwita mpaka jicho linatoa machozi.”

Dada alishika kiuno. “Siku kumi na moja, na mimi nakaa hapa hatua tatu kutoka kwako. Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia nini, Dada? Mara ile nilisema kuna kitu kinanisumbua kichwani, nikalazwa miezi miwili. Safari hii nikaona bora ninyamaze. Kumbe hata kunyamaza ni ugonjwa.”

Dada aliachia kiuno, akakaa. Nesi akaendelea kwa utaratibu. Alisema jino peke yake linaweza kumnyima mtu usingizi, chakula na subira. Yeye mwenyewe hana ugonjwa wowote wa akili, lakini siku jino likimuuma, watoto wake humkwepa. Hakusema kwamba ugonjwa wa Vifungo hauwezi kurudi. Unaweza. Ila mtu mwenye ugonjwa wa akili ana mwili kama wengine, na mwili wake nao huumwa. Akibadilika ghafla, aangaliwe mwili pia, kuanzia meno. Alimwomba dada ampeleke kliniki kesho asubuhi, na dawa zote anazotumia waende nazo.

Jioni ile uji ulikuwa uji tu.

Ijumaa asubuhi walifika kliniki ya meno. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki, pipa la taka lenye kifuniko, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Nyuma ya mlango wa ndani mashine ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba. Vifungo aliisikia, akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Dada alimvuta mkono wa shati, akakaa.

Walipewa fomu. Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi: umri, jino lipi, linauma tangu lini. Swali la sita liliuliza kama mgonjwa anatumia dawa yoyote kila siku. Swali la saba liliuliza kama ana ugonjwa wowote wa muda mrefu, wa mwili au wa akili.

Dada alishika kalamu, akatazama pembeni. Kwenye kiti kinachofuata alikuwa amekaa mteja wake wa siku nyingi, mke wa mwashi mmoja mstaafu, pamoja na mumewe. Mama yule na dada walikuwa bega kwa bega. Mama yule ana macho makali, na habari hazikai kinywani mwake. Dada aliwaza mtaa mzima ukiambiwa. Aliwaza wateja wakiogopa kuingia kwenye chumba cha ushonaji. Akaandika Hapana kwenye swali la sita, na Hapana kwenye la saba. Vifungo alikuwa anatazama kalamu ile.

Walipoitwa, waliingia wote wawili. Daktari wa meno alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Nesi wao alikuwa amesimama kando yake, amevaa koti lake moja zuri. Vifungo alilala kwenye kiti kirefu. Daktari aliingiza kioo kidogo mdomoni kutazama jino. Kioo kikanata shavuni. Alipokivuta kiliachia kwa shida.

Daktari alirudi kuisoma fomu.

“Hapa imeandikwa hutumii dawa,” alisema. “Lakini mdomo wako umekauka mpaka kioo kinanata, na macho yako mazito. Mimi si askari. Nauliza tena kwa sababu moja. Sindano ya ganzi na dawa za maumivu nazichagua kulingana na dawa anazotumia mtu. Nikibahatisha, utakayeumia ni wewe.”

Dada alitazama sakafu. Vifungo aliinua kichwa kutoka kwenye kiti.

“Natumia,” alisema. “Dawa ya akili. Mwaka wa tatu huu. Kidonge kimoja jioni.”

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi ya kliniki na pakiti ya vidonge. Alikuwa amekuja navyo mwenyewe.

Daktari alivipokea, akasoma jina la dawa, akashukuru. Hakushtuka. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Aliuliza kama ni kimoja kweli, na kama hakuna siku kilizidi.

“Kimoja,” Vifungo alisema.

“Viwili,” dada alisema. “Jumanne na Jumatano. Nilisaga cha pili nikakitia kwenye uji. Niliona ugonjwa umerudi.”

Vifungo alitazama taa ya juu ya kiti.

“Uji ulikuwa mchungu,” alisema. “Nilidhani ni jino.” Kisha akageuza kichwa akamtazama dada yake. “Mara ile nilisema mnatia kitu kwenye chakula changu. Mkasema ni ugonjwa, na kweli ulikuwa ugonjwa. Safari hii akili yangu ni nzima, na kitu kimetiwa kweli.”

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma zaidi. Dada alilia pale pale, mbele ya daktari na nesi. Alikuwa na haki ya kulia. Alichokifanya ni kibaya, na alikijua.

Daktari hakumgombeza. Alimwambia tu ukweli. Dawa ya akili haiongezwi, haipunguzwi wala haisitishwi na mtu wa nyumbani, hata awe na nia njema kiasi gani. Na haitiwi kwenye chakula cha mtu kwa siri, maana siku akijua, hataamini tena hata maji. Kisha akapiga simu kliniki ya akili, akazungumza na daktari wa Vifungo na kumsomea jina la dawa. Daktari yule alisema warudi kwenye kidonge kimoja kama kawaida. Akashauri ganzi ipi ni salama. Jumatatu angependa kumwona Vifungo mwenyewe.

“Ili anilaze?” Vifungo aliuliza.

“Ili akuangalie,” daktari wa meno alisema. “Nimemweleza kuhusu jino. Mengine utamwambia wewe.”

Baada ya hapo aliwaeleza chanzo. Mate, alisema, yana kazi kubwa. Yanaosha mdomo, na yanapunguza makali ya asidi inayotengenezwa na vijidudu vya mdomoni vikila sukari. Asidi hiyo ndiyo inayotoboa meno. Dawa nyingi za akili, na hata baadhi ya dawa za magonjwa ya mishipa ya fahamu, hupunguza mate. Mdomo mkavu ukautia sukari kutwa nzima, meno huoza upesi.

“Si kosa la dawa,” alimwambia Vifungo. “Dawa imekurudisha kazini, usiiache. Tunachobadilisha ni mengine.”

“Zile pipi nilinunua mimi,” dada alisema.

“Ulinunua kwa upendo, najua. Meno hayajui upendo. Yanajua sukari.”

Jino lile lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, halikuwa la kuokoa. Mengine matatu yalikuwa na matundu madogo, hayo yangezibwa siku nyingine. Kabla ya kuanza, daktari alimwonyesha Vifungo kila chombo, akakiwasha na kukizima ili aizoee sauti yake. Akamwambia akitaka wasimame, ainue mkono wa kushoto, nao watasimama bila kumwuliza kwa nini. Alisema anafanya hivyo kwa watu wengi. Kuna wenye hofu, kuna wenye usonji ambao sauti na mwanga mkali huwasumbua, na kuna wazee waliopoteza kumbukumbu wasioelewa wanafanyiwa nini. Hawa wote wanahitaji muda na maelezo. Wakipewa, wanatibika vizuri.

Dada aliambiwa asubiri nje kidogo. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, macho mekundu. Mke wa mwashi alimpa kitambaa cha kufutia machozi bila kuuliza. Halafu, kama mtu anayezungumzia bei ya nyanya, alianza kueleza habari za mumewe. Mwashi yule ana ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka mikono. Kwa mwaka mzima hakuweza kushika mswaki, akaona haya kusema. Fizi zikawa zinatoa damu. Nesi ndiye aliyewafundisha kuufunga mpini wa mswaki kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ukawa mnene. Sasa anaushika mwenyewe, na yeye mke humalizia meno ya nyuma.

“Alijenga nusu ya nyumba za mtaa huu,” mama yule alisema. “Mswaki ukamshinda. Si aibu, ni ugonjwa. Na huyu mdogo wako ana nini?”

Dada alivuta pumzi. Akamwambia. Alitaja ugonjwa, akataja dawa, akataja mdomo mkavu. Alingoja uso wa mama yule ubadilike. Haukubadilika. Mama alisema ana mpwa wake anayetumia dawa ya kifafa, na fizi zilimvimba mpaka zikafunika meno. Alihangaika nazo mwaka mzima, hadi daktari wa meno alipoambiwa anatumia dawa gani.

“Tunaficha dawa, halafu tunashangaa hatuponi,” alisema. Kisha akamgeukia vizuri. “Na gauni langu? Ulisema Ijumaa. Leo ni siku gani?”

Dada alicheka huku machozi bado yako shavuni. Aliinuka, akamwomba karani amletee fomu kutoka ndani. Akafuta Hapana ya sita na Hapana ya saba, akaandika yaliyo kweli.

Ndani, Vifungo aliinua mkono mara mbili. Mara zote mbili walisimama. Mara ya tatu aliinua mkono akakuta jino limeshatoka, liko kwenye kisahani. Alilitazama kwa makini, kama anavyotazama kifungo kilichovunjika, akasema lilikuwa dogo kuliko alivyofikiri.

Jioni ile, mumewe aliporudi kutoka kazini, dada alimkalisha na kumwambia kila kitu, kidonge cha uji kikiwamo. Kisha, mumewe akisikia, alimwomba Vifungo msamaha. Vifungo alisema amesikia. Hakusema amesamehe. Kwa wiki mbili alijipikia uji wake mwenyewe, akaunywa amesimama karibu na jiko. Dada hakulalamika. Alijua mdogo wake ana haki.

Jumatatu gari la kuazima lilikuja kama lilivyopangwa. Mpaka rangi aliendesha. Vifungo alikuwa amevaa shati lake zuri, mikono iko magotini. Ilikuwa barabara ileile ya miaka mitatu nyuma. Daktari wa akili alimkaribisha yeye kwanza, peke yake. Alimwuliza kuhusu usingizi, chakula, sauti, hasira, na jino. Vifungo alijibu yote. Ameshalala usiku mbili mfululizo. Juzi alikula nyama kwa upande wa kulia. Sauti hakuna.

Daktari aliwaita wengine, akawaambia haoni sababu ya kumlaza. Akaandika kwenye kadi kwamba aendelee na kidonge kimoja, na arudi baada ya mwezi kama kawaida. Alikiri pia kwamba kwa miaka mitatu hakuwahi kumwuliza Vifungo kuhusu meno, na kwamba naye alipaswa kuuliza. Mpaka rangi alimshika Vifungo bega, akasema alikosea kuharakisha. Vifungo alimwambia hata yeye angekuwa na binti angeogopa. Saa sita mchana alikuwa ameketi kwenye cherehani chake, akikata matundu kwenye lile koti la nesi.

Mambo ya nyumbani yalibadilika, si kwa siku moja. Pipi za sukari ziliondoka. Chupa ya maji ikakaa karibu na cherehani, naye anakunywa kidogo kidogo kila mara. Akitaka kutafuna kitu, anatafuna chingamu isiyo na sukari ambayo nesi alimwonyesha. Anapiga mswaki mara mbili kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floridi. Mswaki wa jioni ndio wa lazima, kwa sababu mtu akilala mate hupungua zaidi. Baada ya hapo hali kitu, anakunywa maji tu. Mwanzoni alisahau, maana siku nyingine ugonjwa humfanya aone kila jambo ni zito. Hawakumgombeza. Binti wa dada alipiga mswaki pamoja naye kila jioni, wakishindana nani atoe povu jingi zaidi. Mtoto alikuwa mshindi karibu kila siku. Yale matundu matatu yalizibwa. Kila baada ya miezi mitatu anarudi kukaguliwa, na dada naye sasa anafungua mdomo wake ukaguliwe. Daktari alimkuta na matundu mawili, kwa kuonja pipi za mdogo wake, na meno ya mbele yamelika kwa kukata nyuzi.

Asubuhi moja katika wiki ya tatu, Vifungo aliingia jikoni na kikombe kitupu, akamkabidhi dada yake. Dada alimtilia uji, akamwachia mwenyewe bakuli la sukari. Aliunywa wote.

Miezi minne ikapita. Siku moja, kabla ya chakula cha jioni, Vifungo aliingia nyumbani bila salamu, akabamiza mlango wa chumbani kwake. Mtoto alimtazama mama yake. Mpaka rangi alitazama sahani yake. Dada alihisi moyo ukimwenda mbio kama zamani. Aliusubiri utulie, akaenda akagonga mlango.

“Kuna mahali panakuuma?” aliuliza.

“Hapana.”

“Jana umelala?”

“Nimelala.”

“Dawa?”

“Nitameza saa yake ikifika. Jana nilimeza.”

“Basi ni nini, mdogo wangu?”

Mlango ulifunguliwa. Vifungo alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi, kiatu chake cheusi cha kutokea. Kilikuwa na matone ya rangi ya kijani kuanzia ncha hadi kisigino.

“Shemeji ameviazima, akavivaa kazini. Tazama. Nimekasirika, Dada. Nimekasirika sana. Au mtu akishapewa kadi ya kliniki, haruhusiwi tena kukasirika?”

Dada alikitazama kiatu. Alimtazama mdogo wake, macho maangavu, shavu halijavimba, hasira ya mtu mzima aliyeharibiwa kiatu chake.

“Unaruhusiwa,” alisema.

Vifungo alitoka na kiatu hadi mezani, akakiweka mbele ya shemeji yake. Walizungumza kuhusu viatu mpaka chakula kikaisha, na wala si kwa sauti ya chini. Hospitali haikutajwa.